Cheti cha Usuluhishi Kisile Shamba la Mkimbizi

BUTEMBO, Kivu ya Kaskazini – Siku hizi kijana wa Butembo au Beni aliyemaliza masomo ya sheria anaweza kuketi na simu yake, akalipia masomo mafupi juu ya usuluhishi wa kimataifa, na baada ya muda mfupi akapata cheti chenye muhuri wa mbali. Masomo hayo yapo kweli. Chartered Institute of Arbitrators, iliyoanzishwa London mwaka 1915, inayatoa. Nairobi kuna kituo cha usuluhishi wa kimataifa, Kigali kuna kingine tangu 2012, na huko Porto-Novo, Benin, iko ERSUMA, shule ya OHADA inayofundisha mahakimu na mawakili wa nchi 17, na Kongo ni mojawapo.

Kusoma si kosa. Swali ni moja tu: elimu hiyo ikifika hapa, itamtumikia nani? Itamsaidia mama wa Oicha aliyekimbia na kuacha kakao yake ikiiva, au itampa kijana mwenye koti na tai njia mpya ya kumnyang'anya kile kidogo kilichobaki? Jibu linapaswa kutolewa sasa, kabla vyeti havijajaa mjini.

Kwanza maneno yenyewe yaeleweke. Upatanishi ni pale mtu wa tatu anapowasaidia wagomvi wafike wenyewe kwenye makubaliano. Mpatanishi hakati neno. Usuluhishi ambao wanasheria wanauita arbitraji ni kitu kingine: wenye ugomvi wanakubaliana kumchagua mtu mmoja au watatu wa kuwaamulia, na uamuzi huo unawafunga kama hukumu. Ni njia mbili tofauti. Anayezichanganya makusudi mbele ya mtu asiyejua sheria anatafuta kumdanganya.

Wengi husema mambo haya ni ya wakubwa, ya makampuni na ya Ulaya. Ni kweli kwamba wakubwa ndio waliotangulia kuyatumia, na Kongo inajua hivyo kwa gharama. Septemba 1991 na tena Januari 1993, askari wa Zaire walipora mji wa Kinshasa. Kati ya walioporwa ilikuwa kampuni ya Wamarekani yenye kiwanda cha betri, American Manufacturing and Trading. Kampuni hiyo haikwenda kulia kwa chifu. Ilichukua mkataba wa kulinda wawekezaji ambao Marekani na Zaire walitia sahihi 1984, ikapeleka mashtaka kwenye kituo cha Benki ya Dunia kinachosuluhisha ugomvi wa uwekezaji, kule Washington. Tarehe 21 Februari 1997 wasuluhishi waliamua kwamba serikali ilishindwa kuilinda mali hiyo, na kwamba ilipe dola milioni 9.

Msomaji wa Beni na alisome jambo hilo mara mbili. Askari wameiba, serikali haikulinda, mwenye mali amepewa haki ya kulipwa. Huku kwetu, tangu Oktoba 2014, familia za Mbau, Eringeti, Oicha, Mamove na vijiji vingine vingi zimeuawa, zimechomewa nyumba na kufukuzwa mashambani. Hakuna mlango wa Washington uliofunguliwa kwa ajili yao. Sababu si kwamba machozi yao ni mepesi. Sababu ni kwamba mkataba ule unamlinda mwekezaji mgeni, na mkulima mwananchi hana mkataba wa namna hiyo. Mwenye karatasi na mwenye mtu anayejua njia ndiye aliyesikilizwa.

Mfano wa pili uko karibu zaidi. Jeshi la Uganda liliingia Beni na Butembo mwaka 1998. Kongo ilishtaki kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kule La Haye, na tarehe 19 Desemba 2005 ikashinda. Hiyo ni mahakama ya mataifa, si arbitraji, lakini fundisho lake linafaa hapa. Kongo iliomba zaidi ya dola bilioni 11. Tarehe 9 Februari 2022 mahakama iliamuru Uganda ilipe milioni 325: milioni 225 kwa ajili ya watu, milioni 40 kwa ajili ya mali, na milioni 60 kwa ajili ya utajiri wa asili. Kwa nini pengo kubwa namna hiyo? Kwa sehemu kubwa ni kwa sababu ushahidi haukutosha. Majina, tarehe, hesabu ya nyumba, hesabu ya mali: vingi havikuwa vimeandikwa vya kutosha. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Huko La Haye taifa zima lilikumbushwa methali hiyo.

Basi elimu ya usuluhishi ina faida, na anayesema tuiache anawaachia wakubwa silaha peke yao. Chukua wafanyabiashara wa Butembo. Mji huu umejengwa na watu wanaoagiza mizigo Dubai na China, ikapita Mombasa na kuingia kwa mpaka wa Kasindi. Katika mikataba ya biashara za namna hiyo mara nyingi kuna kifungu kidogo chini, kinachosema ugomvi wowote utapelekwa kwa wasuluhishi wa mji fulani wa mbali, kwa lugha fulani ya kigeni. Anayetia sahihi bila kukielewa kifungu hicho amekubali kwamba siku mzigo ukifika umeoza, atakwenda kulalamika mahali ambapo nauli peke yake inapita thamani ya mzigo. Vilevile kwa vyama vya wakulima wa kakao na kahawa vinavyouza nje. Hapo kijana aliyesoma siku chache tu anaweza kuokoa mtaji wa familia kumi.

Sheria pia ipo. Kongo iliingia OHADA tarehe 12 Septemba 2012, na tangu Machi 2018 kuna sheria mbili za OHADA zinazotumika: moja mpya ya arbitraji, nyingine ya upatanishi. Mwaka 2014 Kongo ilijiunga na Mkataba wa New York wa 1958, ambao unafanya uamuzi wa wasuluhishi wa nchi moja utambuliwe katika nchi nyingine. Lakini hapo hapo Kongo iliweka sharti: mkataba huo hautagusa ugomvi wa ardhi na majengo. Kwa hiyo anayemwambia mkimbizi kwamba cheti chake cha kimataifa kitaufanya uamuzi juu ya shamba lake utambulike hadi Paris na London, anamuuzia upepo.

Na shamba ndilo ugomvi wetu. Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 ilisema udongo wote ni wa serikali. Kuhusu mashamba ambayo watu wanayashika kwa desturi, kifungu cha 389 kiliahidi kwamba amri ya rais itakuja kuyapangia haki yake. Miaka zaidi ya 40 ikapita bila amri hiyo kutoka. Katikati ya ahadi na amri wameingia wajanja wa kila aina: huyu ana karatasi ya chifu, yule ana karatasi ya ofisi ya ardhi, na kipande ni kile kile. Vita vimeongeza kuni motoni. Familia ikikimbia, mwingine anavuna kakao yake. Ikikaa mwaka mzima mjini, mpaka wa shamba unasogea. Baba akiuawa, wajomba na baba wadogo wanamwambia mjane kwamba mwanamke hana shamba.

Wapo watakaojibu kwamba tunayo barza, tunao wazee, hatuhitaji masomo ya wazungu. Wazee wa barza wameokoa maisha mengi na heshima yao ibaki. Lakini ukweli nao usemwe. Kuna mahali ambapo anayeketi kuamua ugomvi ndiye aliyeuza kipande kile kile mara mbili. Kesi ya ngedere, hakimu nyani. Kuna mahali ambapo mwenye mbuzi mnono ndiye anayesikilizwa kwanza. Kuna mahali ambapo mama anasimama mlangoni huku shamba lake likigawanywa ndani. Na makubaliano mengi hayaandikwi, kwa hiyo mzee akifa, ugomvi unafufuka. Kanuni za kwanza za usuluhishi zinagusa vidonda hivyo hivyo: anayeamua asiwe na faida katika ugomvi, na kama ana undugu au deni aseme mbele ya wote, pande zote mbili zisikilizwe sawasawa, neno la mwisho liandikwe. Kanuni hizo si za wazungu. Mzee yeyote mwenye haki anazijua, na mzee asiyezitaka ana sababu yake.

Wengine watasema amani kwanza, mambo ya mashamba baadaye. Ni kinyume. Siku ambayo barabara zitafunguka na watu kurudi kwa wingi, kila kilima kitakuwa na watu wawili wanaosema ni chao. Kama hakuna waliotayarishwa kupatanisha, panga litapatanisha.

Hatari kubwa zaidi inatoka kwa wenye vyeti wenyewe. Breve ya kushiriki masomo ya siku tano haimfanyi mtu kuwa wakili wala hakimu. Haimpi ruhusa ya kufungua ofisi karibu na kambi ya wakimbizi, akatoza pesa ya faili, halafu akadai robo ya shamba kama mshahara. Anayechukua sehemu ya kitu kinachogombaniwa hasuluhishi. Amekuwa mgomvi wa tatu. Na kuna mambo ambayo hayana usuluhishi kabisa. OHADA inasema arbitraji ni kwa haki ambazo mtu ana uhuru wa kuzitoa au kuziacha. Mauaji hayamo. Ubakaji haumo, sheria ya 20 Julai 2006 inaupeleka kwa mahakama, siyo kwa mbuzi wawili na kreti ya bia kati ya familia mbili. Mwenye cheti anayeketi kupatanisha ubakaji anasaidia kuficha kosa, na wazazi wa msichana wamwambie hivyo usoni.

Basi lifanyike nini? Butembo ina Université Catholique du Graben, Beni ina Université Chrétienne Bilingue du Congo. Vyuo hivyo, mawakili, mashirika ya raia na vyama vya wakulima vinaweza kuandaa masomo mafupi hapa hapa, kwa Kiswahili na Kinande, bila kusubiri mfadhili wa kutoka mbali. Wasiitwe tu wenye diploma. Waitwe wale wanaosuluhisha kila juma: machifu, wazee wa barza, viongozi wa akina mama, wawakilishi wa wakimbizi, wakuu wa vyama vya kakao. Wafundishwe mambo machache yanayofaa: jinsi ya kutangaza undugu na faida, jinsi ya kusikiliza pande mbili, jinsi ya kuandika makubaliano yanayoweza kupelekwa kwa mthibitishaji au kupewa nguvu na mahakama, na wapi pa kusimama na kusema "hii ni ya mahakama". Malipo yatangazwe ukutani, na yasiwe ardhi kamwe.

Familia zilizohama nazo zisingoje. Kazi ya kwanza haihitaji cheti. Chukueni daftari la shule. Andikeni jina la kijiji na la shamba, majirani wa pande zote nne, mto au mti wa mpakani, hesabu ya miti ya kakao au kahawa, mwaka wa kulipata shamba na kwa nani, siku ya kukimbia. Majirani wa zamani walio kambini au mjini waweke majina na sahihi zao wakiwa bado hai na wakiwa bado wanakumbuka. Msiweke kidole kwenye karatasi ambayo haikusomwa kwa lugha mnayoielewa. Mjane aandike jina lake na majina ya watoto wake, si jina la marehemu peke yake.

Na akija mtu anayejiita msuluhishi, aulizwe maswali matatu kabla ya kupewa kiti. Nani anakulipa, na kiasi gani? Una undugu au biashara na upande wa pili? Unakuja kutupatanisha au kutuamulia, na tukikataa uamuzi wako tutakwenda wapi? Aliyesoma kweli atajibu bila kukasirika, maana hayo ndiyo mambo ya siku ya kwanza ya masomo. Anayekasirika, cheti chake kirudi naye nyumbani.