Bukavu: radio inasikilizwa, lakini nani atasema anayoyasikia?

Tangu AFC/M23 ishike mji wa Bukavu katikati ya Februari 2025, kuna swali ambalo wafadhili wanaliuliza kwa haraka: radio za hapa zinawasaidia nini wakaaji? Haraka yao inaeleweka. Marekani ilisimamisha misaada yake Januari 2025, na Julai 1 mwaka huo USAID ikafunga kazi zake. Radio nyingi za jamii huku Kivu huishi kwa vipindi vinavyolipiwa na miradi. Mradi ukiisha kipindi kinakufa, na pengine hata mafuta ya jenereta yanakosekana. Kila mfadhili aliyebaki anataka sababu ya kusaidia radio hii na kuiacha ile.

Njia rahisi ni kuhesabu: watu wangapi wanasikiliza, saa ngapi, radio gani. Uchunguzi wa aina hiyo umekwisha kufanywa mara nyingi mashariki mwa Kongo, hata na watafiti wa chuo kikuu cha Harvard, na radio imekuwa ikionekana kuwa njia kubwa ya watu kupata habari. Lakini hesabu hiyo haielezi radio inafanya kazi gani ndani ya nyumba. Mama muuzaji wa Kadutu akiulizwa kama anaamini radio, atajibu ndiyo, na karatasi itawekwa alama. Aulizwe polepole, kwa Kiswahili chake au kwa Mashi, siku ile aliposikia habari fulani alifanya nini. Alifunga biashara? Alimpigia simu ndugu yake wa Kavumu? Alingoja jirani athibitishe kwanza? Hapo ndipo inaonekana kwamba pengine anafungua radio kwa ajili ya matangazo ya misiba na watoto waliopotea, na kwamba habari za vita anazipata kwa radio trottoir na kwa WhatsApp, kisha anasubiri radio iseme kama ni kweli. Msikilizaji wa namna hiyo anaihitaji radio sana, ijapokuwa anaifungua dakika kumi tu kwa siku.

Mahojiano ya kina ndiyo yanayotoa mambo kama hayo. Shida ni kwamba mara nyingi yanafanywa na watu wasiofaa. Mtafiti anafika, anaonana na mkurugenzi wa radio katika ofisi ya Ibanda, wanaongea Kifaransa saa moja, na ripoti inatoka na maneno mazuri kuhusu amani na maendeleo. Mkurugenzi hawezi kusema mengi juu ya coupage, zile pesa ambazo mwenye kualika waandishi anawapa baada ya mkutano, kwa sababu anajua vizuri mshahara anaowalipa. Msikilizaji wa Bagira haulizwi kabisa.

Na bado Bukavu ina mfano wake wa kuuliza vizuri. Mwaka 2003 waandishi wanawake wa Kivu ya Kusini waliunda shirika la AFEM. Mmoja wao, Chouchou Namegabe, alikuwa ameanzia kazi Radio Maendeleo. Walikwenda kuwasikiliza wanawake waliobakwa wakati wa vita, wakapeleka sauti zao hewani. Kikwazo cha kwanza kilikuwa lugha: Namegabe amesimulia kwamba walikosa neno la kutumia radioni, wakaazima “ubakaji” kutoka Kiswahili cha Tanzania. Leo neno hilo linasemwa Kivu nzima. Mei 2009 alitoa ushuhuda huo mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani. Hakuna takwimu ya wasikilizaji ingeonyesha kazi hiyo ya radio, yaani kuwapa watu neno la kusemea jambo lililokuwa likifichwa.

Lakini kusema kuna bei, na mji huu unaijua. Radio Maendeleo, iliyoanzishwa mwaka 1993, ilifungwa na RCD mwaka 1999, ikafungwa tena mwisho wa 2002. Juni 2004, watu wa Nkunda na Mutebutsi walipoingia Bukavu, waandishi waliotishwa walijificha na kukimbia. Serge Maheshe wa Radio Okapi aliuawa Juni 2007, mwenzake Didace Namujimbo Novemba 2008, na Bruno Koko Chirambiza wa Radio Star Agosti 2009. Safari hii mwandishi amebanwa pande mbili. Januari 2025 waziri wa sheria huko Kinshasa, Constant Mutamba, alitishia adhabu ya kifo kwa anayetangaza kazi za jeshi la Rwanda na washirika wake. Mwezi mmodja baadaye washirika hao wakawa ndio wenye mji. Kilichokuwa kosa Kinshasa kikawa habari ya kila siku hapa, na kukataa kukitangaza nako kuna hatari yake.

Katika hali hiyo, anayeulizwa leo “unaionaje radio yetu?” anapima kwanza nani anauliza na nani atasoma. Akijibu kwamba anasikiliza muziki tu, mtafiti asiandike kwamba hapendi habari. Vikundi vya kusikiliza radio navyo havitoshi, kwani mbele ya majirani kila mtu atarudia alichosema wa kwanza. Hata ile karatasi ya kukubali kuhojiwa, ambayo vyuo vya Ulaya vinaidai kwa nia njema, inaweza kuwa ushahidi mikononi mwa asiyestahili. Kibali cha mdomo, bila jina wala sauti iliyorekodiwa, kinafaa zaidi, hata kama profesa wa mbali atalalamika.

Kisha kuna yule anayeuliza. Watafiti wa Bukavu wamelisema jambo hili waziwazi tangu 2019, katika maandiko yanayoitwa Bukavu Series: msaidizi wa hapa ndiye anayekwenda kijijini, anatafsiri, anahakikisha mgeni yuko salama, kisha jina lake halionekani kwenye kitabu. Sasa mzigo wake umeongezeka. Mgeni anaweza kuongoza kazi kwa simu akiwa Brussels au Kinshasa. Uwanja wa Kavumu ulifungwa mji uliposhikwa mwaka 2025, na msaidizi akivuka Ruzizi au kupita kizuizi cha barabarani, ni yeye aliyebeba daftari na simu yenye sauti za watu. Katika bajeti za utafiti, gari na hoteli vina mstari wao. Wanaotaka kujua radio ya Bukavu inafaa nini wanapaswa kwanza kuonyesha mstari wa usalama wa mtu huyo, na wa wale waliokubali kumfungulia mlango.