Betri zilizokwisha tuzipeleke wapi?

Ndugu Mhariri,

Betri za tochi, redio, rimoti na saa zinauzwa kila duka la mtaani hapa Dar es Salaam, lakini zikiisha hakuna anayetuonyesha pa kuzipeleka.

Kwetu zinaingia kiroba kimoja na maganda ya ndizi na nepi. Gari la taka lisipopita, na mara nyingi halipiti ingawa ada tunalipa, watu wanachoma. Betri zikipata moto hupasuka, na yaliyomo yanabaki kwenye majivu ambayo kuku wanayapekua na mvua inayasomba hadi mtaroni. Wengine wanazitumbukiza chooni wakiamini shimo halitajaa upesi, na jirani hapo hapo ana kisima.

Linaloniuma zaidi ni watoto. Wanaziokota jalalani na kuziponda kwa jiwe wapate ule unga mweusi na kijiti cha katikati, ambacho wanakigeuza chaki ya kuandikia ukutani. Betri iliyooza huvuja ute unaobabua ngozi. Wanaushika, kisha kwa mikono ile ile wanapokea andazi. Zile bapa za duara, za saa na vitu vya kuchezea, ndizo za kuogopwa kabisa. Mtoto akimeza ikamkwama kwenye umio, inaweza kumuunguza vibaya ndani ya saa mbili tu, hata kama ilitolewa kwenye rimoti kwa sababu imeisha nguvu. Mzazi, usingoje itoke kwa choo, mkimbize hospitali.

Nilimuuliza ofisa afya mmoja nifanyeje na zangu, ambazo nazihifadhi kwenye kopo lenye mfuniko juu ya kabati, zile bapa nikiwa nimezizungushia selotepu. Alinijibu nizitupe tu na taka nyingine. Jibu hilo limenisikitisha, kwa sababu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira tunayo tangu mwaka 2004, na kanuni za taka hatarishi zilitoka mwaka 2021. Serikali ikiamua, mambo yanakwenda: mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, na sokoni tukahamia kwenye vikapu na mifuko mbadala.

Betri za gari hazizagai kwa kuwa wanunuzi wa vyuma chakavu wanazifuata wenyewe. Hizi ndogo hazina mnunuzi, kwa hiyo lazima wanaozileta nchini wabebe jukumu. Njia tunaijua siku nyingi: muuza duka hupokea chupa tupu za soda, na gari linaloleta kreti zilizojaa huondoka na tupu. Betri nazo ziwekewe ndoo yenye mfuniko dukani, mwenye duka azirudishe kwa muuzaji wa jumla anapokwenda kuchukua mzigo, na waingizaji walipie safari ya kuzifikisha kwa wenye kibali cha kushughulikia taka hatarishi. Wasimwachie mwenye duka gharama hiyo, maana faida yake kwenye betri moja ni ndogo mno.

Naiomba halmashauri yetu ijibu kupitia ukurasa huu: ndoo hizo zitaanza kuwekwa katika mitaa ipi, na lini?

Msomaji wako,
Dar es Salaam