Binti wa Chuo na Kidonge cha Dharura



Wapendwa waamini, juma hili twatafakari jambo ambalo wazazi wengi hulinong'ona tu: vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, ambavyo wanavyuo wa Tanzania na Kenya huviita P2.

Kwa nini binti achague P2 kuliko njia nyingine? Nchini Tanzania, vituo vya afya vya serikali hutoa sindano na vipandikizi bila malipo, lakini huko kuna foleni, maswali na macho ya watu. Katika duka la dawa jirani na chuo binti hutoa fedha, hupokea pakiti ndogo na kuondoka. Anachonunua hasa ni siri.

Dawa hiyo ina mipaka. Hufanya kazi hasa kwa kuchelewesha yai kupevuka, na yapaswa kumezwa mapema, ndani ya saa 72. Yai likiwa limekwisha kutoka, haitegemewi. Wala haikingi VVU, kaswende wala kisonono. Hata hivyo, wapo mabinti wanaoogopa mimba kuliko virusi. Hofu hiyo haikuanzia chuoni. Hadi Novemba 2021, msichana aliyepata mimba akisoma shule ya serikali nchini Tanzania hakuruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi. Wanavyuo wengi wa leo walikulia katika utaratibu huo, wakajifunza kwamba mimba hufuta masomo, tena ya msichana peke yake.

Mafundisho ya Kanisa juu ya uzazi hayajabadilika, nasi hatuyapunguzi. Lakini tuyasome yote. Katika waraka wa Humanae Vitae wa mwaka 1968, namba 17, Papa Paulo wa Sita alitahadharisha kwamba mwanamume akizoea njia hizo aweza kusahau heshima anayostahili mwanamke, akamfanya chombo cha kujiridhisha. Je, kijana anayetuma fedha kwa simu ili "tatizo" liishe, asiulize hata hali ya mwenzake, si ndiye huyo? Mahubiri yanayomkaripia binti peke yake yamesoma nusu tu ya waraka huo.

Namba 16 yawaruhusu wanandoa kufuata vipindi vya asili. Kwa kawaida elimu hiyo huwafikia wachumba walio karibu kufunga ndoa. Sisi twaona vijana wa kike na wa kiume wafundishwe mapema jinsi uzazi unavyokwenda, si kama kibali cha uasherati, bali kwa kuwa anayeujua mwili hauchezei. Binti anayejua bei ya P2 asijue siku zake ameachwa mikononi mwa muuza duka.

Tena twasema wazi: binti aliyekwisha kushika mimba asiogope mlango wa kanisa. Wazazi na Jumuiya Ndogo Ndogo wamsindikize hadi amalize masomo, na kijana mhusika awajibike. Tukimsengenya mmoja, tumekwisha kumtuma mwenzake dukani.

Bikira Maria, aliyepokea habari ya mimba akiwa binti, awaombee mabinti wetu. Na Mtakatifu Yosefu, ambaye hakumkimbia, awafundishe vijana wetu wa kiume.