Hakujichoma, Alichomwa

"Amejichoma." Ndivyo tusemavyo wodini muuguzi anapopatwa na sindano iliyokwisha kutumika. Kile kiambishi kifupi, "ji", kimeshapitisha hukumu kabla hata damu haijaoshwa: aliyetenda ni yeye, aliyetendwa ni yeye, basi mzembe naye ni yeye. Imani hiyo ni ya uongo, tena inaua.

Usiku mmoja nilikuwa zamu peke yangu, wagonjwa 38. Nilikuwa nimetoka kumtoa damu mgonjwa aliyekuwa akiweweseka kwa homa. Boksi la njano la kutupia sindano hufungwa likifika robo tatu. Letu lilikuwa limejaa hadi mdomoni, na stoo ilikuwa imefungwa tangu saa kumi jioni. Nilipoingiza sindano yangu, nyingine iliyochomoza mle ndani ikapenya glavu na kuingia kidole cha shahada. Asubuhi swali la kwanza lilikuwa: "Dada, ulikuwa unawaza nini?" Hakuna aliyeuliza boksi lilijaa lini.

Anayejua ataitwa mzembe hatoi taarifa. Anaosha kidole, anabandika plasta, anarudi kwenye dripu zake. Na hapo saa zinakatika. Dawa za PEP za kuzuia VVU zinatakiwa zianze mapema iwezekanavyo, zisivuke saa 72, kisha zimezwe siku 28. Homa ya ini B ni kali zaidi: kwa asiyechanjwa, sindano yenye damu ya mgonjwa huweza kuambukiza hadi watu 30 kati ya 100, wakati kwa VVU ni kama 3 kati ya 1,000. Chanjo ya homa hiyo ya ini ipo, dozi 3 tu. Bado wapo wanaopangiwa zamu bila kupata hata moja, na hao siku wakichomwa tutawauliza walikuwa wanawaza nini.

Najua nitakachojibiwa: mwangalifu hachomwi. Karen Daley alikuwa muuguzi wa wagonjwa wa dharura mjini Boston, mwenye uzoefu wa zaidi ya miaka 20. Mwaka 1998 alichomwa akiwa anatupa sindano kwenye boksi lake, mahali hasa panapotakiwa. Akapata VVU pamoja na homa ya ini C. Hakunyamaza, alijitokeza hadharani kudai sindano salama zaidi, na mwaka 2000 Marekani ikapitisha sheria ya kuwabana waajiri wanunue sindano zenye kinga. Mwaka uliofuata, majeraha ya sindano hospitalini yakapungua kwa zaidi ya theluthi moja. Wauguzi walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni sindano.

Ni kweli, wapo wenzangu wanaorudishia kifuniko kwenye sindano kwa mikono miwili, na ni kosa. Lakini nenda ukatazame boksi liko wapi: mwisho wa korido, vitanda 12 kutoka kwa mgonjwa. Mwenzangu ana mawili ya kuchagua, aifunike au apite nayo wazi katikati ya mama wenye watoto. Aliyemweka kwenye uchaguzi huo si yeye.

Mganga mfawidhi, fomu nyingine ya ajali ikifika mezani kwako, usianze kwa kumwita muuguzi. Shuka kwanza wodini, ufunue boksi, utazame limejaa kiasi gani. Kisha omba ufunguo wa stoo.