Kupasuliwa kumelipwa, na skaneri ya nyuma nani atalipa?

Mu hesabu za matunzo, sisi badelege tunakutana na jambo moja mara kwa mara. Mutumishi akipata kansere ya kinywa, kompani inatoa bon ya kupasuliwa. Akitoka tu ku lopitali, bon imekwisha. Sisi tunasema: kisu ni nusu ya matunzo.

Munganga akiisha kukata kivimbe, mara nyingine anatwaa nyama ku mukono, ao mufupa ku muguu, anajenga nayo tena ulimi ao taya. Ile nyama inaishi kwa mishipa midogo sana yenye alishona. Siku 2 ao 3 za kwanza, damu ikiganda mule, nyama inaweza kufa. Munganga anaangalia rangi yake, na mashini ya Doppler inamusaidia kusikia kama damu inatembea. Wakigundua mapema, wanaweza kufungua tena na kuiokoa.

Kisha pale, usaha unaweza kujificha ndani ya shingo, na ngozi ya inje inaonekana muzuri. Skaneri njo inauonyesha. Chuma chenye kushika taya kikivunjika, radio ya kawaida inaweza kukionyesha. Na kwa mwenye alipigwa miale, mufupa wa taya unaweza kuoza hata kisha miaka.

Lakini picha moja tu inaweza kudanganya: kovu na uvimbe vinaweza kufanana na kansere yenye kurudi. Njo maana inafaa skaneri ya kwanza ifanywe mu miezi 6 kisha matunzo, ya kulinganisha na zenye zitakuja. Bila ile, munganga ni sawa mutu mwenye kushuka mu shimo bila taa.

Kode ya kazi ya 2002 inalazimisha kompani itunze mutumishi na jamaa yake, hata kama ugonjwa umesimamisha kazi, mpaka mwisho wa kontra. Haisemi matunzo yanaishia ku mulango wa lopitali. Basi badelege, wakati wa kuongea na wakubwa, tuombe iandikwe wazi: skaneri ya nyuma na feza ya safari.

Na ninyi bamama ku nyumba, CD ya skaneri na karatasi yake muchunge vizuri. Mukiona homa, shingo kuvimba, chakula kutokea ku kidonda, ao kinywa kukataa kufunguka, musingoje randevu. Muende siku ile ile.