Mnyororo wa pikipiki usichaguliwe kwa bei

Miaka kadhaa iliyopita, asubuhi ya mtihani wa kitaifa wa kidato cha nne, nilimkuta mwanafunzi wangu mmoja akienda mbio kando ya barabara ya murramu. Nikampakia kwenye pikipiki yangu. Kabla hatujafika kileleni mwa mlima, nilisikia mlio mkali karibu na mguu wangu wa kushoto, injini ikanguruma pasipo kazi, nayo pikipiki ikaanza kurudi nyuma. Mnyororo ulikuwa umekatika. Kijana yule alikimbia kilomita tatu zilizosalia, akaingia katika chumba cha mtihani wenzake wakiwa wamekwisha kuanza kuandika.

Hakunilaumu hata siku moja. Mimi ndimi niliyejilaumu, kwani mnyororo ule nilikuwa nimeununua miezi miwili tu awali, na sababu pekee iliyonifanya niuchague ni kwamba ulikuwa wa bei ya chini kuliko yote iliyokuwa dukani.

Nasimulia haya kwa sababu walimu wengi wa mashambani siku hizi hufika shuleni kwa pikipiki, na wanafunzi wasiohesabika hubebwa na bodaboda asubuhi na jioni. Sisi tunaofundisha hesabu na fizikia ndio tungepaswa kuwa wa mwisho kudanganyika dukani. Maoni yangu ni kwamba tunanunua mnyororo kama tunavyonunua kiberiti, ilhali ni kifaa kinachostahili kuchaguliwa kwa kuzingatia kazi kitakayofanya.

Mnyororo wa aina hii si jambo geni. Hans Renold, mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi Manchester, Uingereza, aliuvumbua mwaka wa 1880. Tangu hapo umbo lake halijabadilika sana: pini huzunguka ndani ya bushi, na juu ya bushi huzunguka rola inayokaa katika meno ya sproketi. Watu husema mnyororo "umevutika". Kwa kweli chuma chenyewe hakivutiki kwa kiasi cha kuonekana. Kinachotokea ni kwamba pini na bushi huliwa na vumbi na ukavu, kila kiungo kikapata nafasi ndogo, na nafasi hizo zikijumlishwa mnyororo huwa mrefu. Haba na haba hujaza kibaba.

Wanaojua zaidi namna mnyororo unavyoteseka ni waendeshaji wa ule mchezo wa pikipiki wa majaribio, unaopendwa sana Uingereza na Uhispania. Humo mtu hashindani kwa mbio. Hupanda miamba na kuvuka mito polepole, na akigusa ardhi kwa mguu mara moja huhesabiwa kosa 1, akishindwa kabisa huhesabiwa 5. Pikipiki zao zina uzito wa takriban kilo 70 tu. Ungedhani chombo chepesi kiendacho polepole hakiuchoshi mnyororo, lakini sivyo. Kwa uwezo uleule wa injini, kadiri mnyororo unavyokwenda polepole ndivyo kani inayouvuta inavyozidi. Ndiyo maana wangu ulikatika mlimani katika gia ya chini, si kwenye tambarare.

Isitoshe, sproketi ya mbele ya pikipiki hizo ni ndogo, aghalabu ya meno 10 au 11. Mwanafunzi na agawanye 360 kwa 10: kila kiungo hupinda digrii 36 kikiingia katika sproketi hiyo. Kwa sproketi ya meno 15 hupinda digrii 24 tu. Kupinda zaidi ni kusagika zaidi.

Sasa, waendeshaji hao huchagua nini? Wengi wao hutumia mnyororo wa namba 520, na baadhi yao hupendelea ule usio na vipete vya mpira kwa kuwa ni mwepesi na hauna msuguano mwingi. Hapa ndipo mtu anapoweza kuiga akapotea. Mwanamchezo huyo huenda mwendo mfupi, kisha huosha na kupaka mafuta mnyororo wake kila mara. Mwalimu anayekwenda kilomita 20 kwa siku katika vumbi, na ambaye husahau mafuta hadi mnyororo uanze kulia, anahitaji kinyume chake. Vipete vya mpira huifungia grisi ndani, baina ya pini na bushi, na kuzuia vumbi lisiingie. Bei yake ni ya juu, lakini kwa njia zetu huirudisha. Mradi tu mtu ahakikishe kwanza kwamba nafasi inatosha, kwa maana mnyororo huo ni mpana kidogo.

Namba nayo isomwe. Tarakimu ya kwanza hutaja umbali baina ya pini mbili kwa thumuni za inchi. Mnyororo wa 428, unaotumika katika pikipiki nyingi ndogo za huku kwetu, una thumuni nne, yaani milimita 12.7. Ule wa 520 una thumuni tano, yaani milimita 15.875. Mmoja hauwezi kukaa katika sproketi ya mwingine, hata muuzaji aape.

Yuko atakayeniuliza: mshahara wenyewe uko wapi? Swali ni la haki, nami pia huliuliza kila mwisho wa mwezi. Lakini nilinunua wa bei nafuu, kisha nikanunua wa pili, na sproketi zikaharibika pamoja nao. Meno yaliyokwisha kupinda kama kulabu huutafuna mnyororo mpya kwa muda mfupi, hivyo mnyororo na sproketi zake mbili vibadilishwe kwa pamoja. Tena unapokatika mnyororo waweza kupasua kasha la injini au kulikaza gurudumu la nyuma, na hasara hiyo haipimwi kwa shilingi.

Utunzaji hauhitaji utaalamu mkubwa. Mnyororo wenye vipete vya mpira usafishwe kwa mafuta taa, si petroli, kisha upakwe mafuta mazito ya gia. Ulegevu wake upimwe katikati ya sehemu ya chini. Kwa pikipiki nyingi ndogo ni milimita 20 hadi 30. Klipu ya kiungo cha kufungia iwekwe upande wake usio na mwanya ukielekea kule mnyororo unakokwenda.

Walimu wenzangu, somo hili lingeweza kufundishwa kwa rula tu. Viungo 20 vya mnyororo mpya wa 428 vina urefu wa milimita 254, katikati ya pini hadi katikati ya pini. Vikifika 259, umeongezeka kwa takriban asilimia 2, na wakati wa kuubadilisha umewadia, kama haujapita. Asilimia, kani, pembe na msuguano vyote vimo humo. Mtaala wa umilisi, ulioanza kufanyiwa majaribio mwaka wa 2017, unatutaka tufundishe stadi za maisha halisi. Hayo maisha halisi yameegeshwa nje ya ofisi ya walimu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi sikuuziba, na aliyeulipia ukuta ni mtoto wa mwenzangu aliyekimbia kilomita tatu akiwa ameshika kalamu mkononi. Kesho, kabla ya kuwasha pikipiki yako, chukua rula.