Amri Iliyomsahau Mgonjwa wa Saratani

Mwezi Aprili 2020, Rais Yoweri Museveni wa Uganda alipiga marufuku mazoezi ya hadharani ili kuzuia korona, na kabla wiki haijaisha akasambaza video akikimbia peku ofisini mwake na kupiga pushapu 30. Wengi walicheka, wengine wakausifu ukakamavu wa mzee wa miaka 75. Lakini video ile ilikuwa na ungamo zito ndani yake: kwamba mwili usioshughulishwa hudhoofika, na kwamba hata nchi ikifungwa, binadamu lazima apate namna ya kuunyoosha mwili wake. Aliyeungama hayo alikuwa na ofisi pana na afya njema. Je, mgonjwa wa saratani aliyepanga chumba kimoja Kampala, akisubiri dozi yake ijayo ya kemotherapi, aliambiwa akimbilie wapi?

Wapo watakaosema kwamba mgonjwa anahitaji kupumzika, si kukimbia. Dhana hiyo ni ya kale na madaktari wameshaiacha. Uchovu wa saratani hauondoki kwa usingizi. Kulala mchana kutwa huinyima misuli kazi, nayo ikisinyaa, hata safari ya kwenda msalani huwa mlima. Mwaka 2019 jopo la kimataifa lililoitishwa na Chuo cha Marekani cha Tiba ya Michezo lilitoa mwongozo ulio wazi: mazoezi ya wastani ya dakika 30, mara tatu kwa wiki, hupunguza uchovu, wasiwasi na sonona kwa wagonjwa wa saratani. Mwanamke aliyeondolewa titi pamoja na tezi za kwapani asipoufanyisha mkono wake mazoezi, bega hukakamaa. Mwanamume anayetibiwa saratani ya tezi dume kwa dawa za kushusha homoni hupoteza misuli na uimara wa mifupa. Kwa watu hawa kutembea ni sehemu ya tiba.

Sasa tuitazame amri yenyewe. Machi 2020 usafiri wa abiria ulisimamishwa Uganda, kisha tarehe 30 mwezi huo magari binafsi nayo yakazuiwa. Mgonjwa aliyetaka kupelekwa hospitali kwa gari alipaswa kupata kibali cha Kamishna Mkazi wa Wilaya. Taasisi ya Saratani ya Uganda, ambayo wakati huo nchi nzima iliitegemea kwa tiba ya mionzi, iko Mulago, Kampala. Kutoka Gulu ni zaidi ya kilomita 300. Mtu huyo huyo ambaye hakuruhusiwa kunyoosha miguu barabarani alitakiwa aifuate ofisi ya serikali kuomba ruhusa ya kutibiwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Sisemi kwamba amri zile hazikuwa na sababu. Kemotherapi hushusha kinga ya mwili, na korona ilikuwa hatari ya kweli kwa wagonjwa hawa. Lakini kumkinga mtu na ugonjwa mmoja hakuipi serikali idhini ya kumwachia mwingine. Matembezi ya peke yake alfajiri, mahali pa wazi, hayakuwa na hatari sawa na ya basi lililojaa.

Wala tusidhani kwamba kosa hili ni la Afrika peke yake. Nchini Uingereza, wananchi kwa jumla waliruhusiwa kutoka mara moja kwa siku kufanya mazoezi, ilhali watu waliohesabiwa kuwa dhaifu zaidi, wakiwamo waliokuwa kwenye kemotherapi, walishauriwa tangu Machi 2020 wasivuke hata kizingiti. Hadi Juni mosi ndipo wale wa England walipolegezewa na kuambiwa wanaweza kutoka. Tofauti ni kwamba wengi wao walikuwa na bustani nyuma ya nyumba, na simu ya kuzungumza na daktari.

Ndugu wasomaji, hasa ninyi mnaoandaa kanuni na waraka katika wizara zetu: janga jingine litakuja. Andikeni mapema kwamba kadi ya kliniki ya mgonjwa ni kibali tosha cha kusafiri. Tengeni saa za alfajiri ambazo wagonjwa watatembea bila kubughudhiwa na askari. Wahesabuni wataalamu wa tiba ya viungo miongoni mwa watoa huduma muhimu, na wapeni muda wa maongezi wa kuwapigia wagonjwa simu na kuwaelekeza mazoezi yanayowezekana ndani ya chumba kimoja. Hakuna hata moja katika haya linalohitaji mkopo wa Benki ya Dunia.

Nanyi wanafunzi na wanaharakati, msingoje tangazo lijalo la usiku ndipo muanze kupiga kelele. Daini kanuni hizo sasa, wakati barabara ziko wazi na viongozi wanafikika.